UZI: Manmohan Desai, mtengeneza picha aliyekataa stelingi afe

Mtoto wa Bandari (mwanzisha uzi):

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Juzi humu kuna mtu aliisifia filamu moja ya Kikorea kwa maneno haya: "haina upuuzi wa picha la Kihindi, eti ndugu wamepotezana utotoni wakaja kukutana ukubwani." Wengi wakamuunga mkono. Nimekaa na maneno yale siku mbili yananikereketa, ikabidi nije kuandika. Huo mnaouita upuuzi una mwenyewe. Ana jina, ana mtaa aliokulia, na ana sababu zake.

Anaitwa Manmohan Desai. Kama uliwahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza, au kukaa chini sebuleni kwa jirani mwenye deki, kazi yake umeiona hata kama jina lake hukulisoma. Sisi tulikuwa tunasoma jina moja tu kwenye kava la mkanda, la Amitabh Bachchan, basi tunalipa. Amar Akbar Anthony ni yake. Dharam Veer, Parvarish, Suhaag, Naseeb, Coolie, Mard, zote zake. Amitabh peke yake alicheza picha nane chini ya mzee huyu.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini Tanga. Sinema hakuwa mpenzi, alisema zinapoteza usingizi wa mtu anayeamka alfajiri. Picha aliyokubali kukaa nayo mpaka mwisho ni moja tu, Coolie, na kilichomvuta ni jina. Nitaifikia, ila nitaiacha ya mwisho makusudi.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Alizaliwa Bombay (leo Mumbai) tarehe 26 Februari 1937, kwa wazazi wa Kigujarati. Baba yake, Kikubhai Desai, alikuwa na studio iliyoitwa Paramount (msiichanganye na ile ya Marekani), akitoa picha za mapigano na mikikimikiki katika miaka ya 1930. Mwaka 1941 baba akafariki, Manmohan ana miaka minne tu. Akaacha madeni. Mama akauza mali akawalipa wadai, akakusanya wanawe wakahamia Khetwadi, mtaa wa vichochoro katika eneo la Girgaum, kusini mwa Bombay. Yaani mtoto hajajua hata kusoma, ameshaona baba akitoweka na nyumba ya neema ikigeuka ya kudaiwa, halafu akamwona mjane akiibeba familia mgongoni. Shikeni hapo, maana mtayaona yote hayo kwenye picha zake.

Na kuna jambo moja lililonifanya nimpende kabla hata sijamwelewa. Alipokuja kuwa mtu mkubwa, mwenye uwezo wa kujenga jumba ufukweni karibu na mastaa, hakuhama Khetwadi. Jioni alikuwa anashuka barabarani kucheza kriketi na vijana wa mtaa.

Kazi aliianza kama msaidizi wa Babubhai Mistry, fundi mashuhuri wa viinimacho vya kamera, yule wa kufanya watu wapae na miungu watokeze. Kaka yake Subhash, aliyekuwa mtayarishaji, ndiye aliyempa picha ya kwanza, Chhalia, ya mwaka 1960, mastaa wakubwa Raj Kapoor na Nutan ndani. Ametimiza miaka 23 na anamwongoza Raj Kapoor! Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyetenganishwa na mumewe wakati India na Pakistani zinagawanywa. Tazameni alianzia wapi: watu waliopotezana. Hakuwahi kulitoka jambo hilo.

Bluff Master ya 1963 na Shammi Kapoor nayo nzuri, Sachaa Jhutha ya 1970 na Rajesh Khanna ikatikisa. Zilizokuwa katikati sizipi muda.

Kijana wa Likoni:

Mkuu endelea, nimeweka chai pembeni. Ila niulize, Kader Khan aliingiaje hapo? Manake picha nyingi za Desai, maneno ni ya Kader Khan.

Mtoto wa Bandari:

Umegusa penyewe ndugu yangu. Kader Khan amelisimulia mwenyewe mara nyingi. Alikuwa mwalimu wa uhandisi kwenye chuo cha Saboo Siddik, anaandika tamthilia za jukwaani, na ndiyo kwanza ameanza kuandika maneno ya sinema. Desai alikuwa anatengeneza Roti, iliyotoka 1974, na alikuwa amechoshwa na waandishi waliomletea lugha ya mashairi, mafumbo na mapambo. Akamwonya kijana waziwazi kwamba akileta mambo hayo hayo, karatasi zitachanwa na kutupwa.

Kader Khan akaenda kuandika. Aliporudi na kazi akamkuta Desai hayuko ofisini, yuko mtaani Khetwadi anacheza kriketi na vijana. Kumwona tu amewahi kurudi vile, Desai akadhani huyu hajaelewa kitu, akamtukana chinichini kwa mbali. Kader Khan akasogea, akamwambia nimekusoma midomo. Wakaingia ndani, karatasi zikasomwa. Desai akataka zirudiwe, na zirudiwe tena. Halafu akainuka akaingia chumbani, akatoka na televisheni, bangili ya dhahabu na fedha taslimu, akampa palepale. Akamuuliza kwa kawaida hulipwa kiasi gani. Rupia 25,000. Desai akasema kwake atalipwa 121,000.

Aliyalipia nini vile? Kader Khan alikulia Kamathipura, mtaa wa shida, na aliandika jinsi watu wa kule wanavyosema wakikasirika, wakipatana bei, wakimwita Mungu. Desai alitaka mtu wa kiti cha mbele, aliyelipa senti chache, asikie lugha ya kwake inatoka kwenye mdomo wa stelingi.

Daktari Mstaafu:

Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini mimi nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya thelathini. Ile damu ya Amar Akbar Anthony nitaisamehe vipi? Vijana watatu wamelala, mirija inatoka mikononi mwao, damu inapanda juu yenyewe mpaka kwenye chupa moja, kisha inashuka kwa mama. Haiwezekani kabisa.

Mtoto wa Bandari:

Shikamoo mzee. Ni kweli, haiwezekani, na nakushukuru kwa kulileta maana tukio lile ndilo moyo wa mzee Desai.

Kwa vijana ambao hawajaiona: Kishanlal, dereva aliyebebeshwa kesi ya bosi wake, anatoka jela na kukuta wanawe wana njaa na mke anaumwa kifua kikuu. Kwenye purukushani za kukimbizwa na watu wa bosi, anawaacha watoto watatu chini ya sanamu ya Gandhi. Siku hiyo ni 15 Agosti, siku ya uhuru wa India. Kufumba na kufumbua familia imesambaratika. Mkubwa anaokotwa na ofisa wa polisi Mhindu, anakuwa Amar. Wa kati analelewa na padri Mkatoliki, anakuwa Anthony. Mdogo anachukuliwa na fundi cherehani Mwislamu, anakuwa Akbar. Mama amepofuka.

Miaka inapita. Mama, kipofu muuza maua, anagongwa na gari. Hospitali inataka damu, na wanaojitolea ni vijana watatu wasiojuana. Wanalala vitanda vitatu, na nyuma ya kila mmoja, dirishani, linaonekana hekalu, msikiti, kanisa. Kila mmoja anatajwa jina lake kwa zamu. Damu inakusanyika kwenye chupa moja na kuingia kwa yule mama ambaye hakuna kati yao anayejua ni mama yake. Na sasa hivi, dakika nyingi tangu picha ianze, ndipo majina ya wasanii yanapanda kwenye kioo.

Mzee wangu, Desai alijua damu haipandi. Kijana wa kriketi wa Khetwadi hakuwa mjinga. Lakini alizaliwa kwenye nchi iliyopasuliwa mwaka 1947, yeye ana miaka kumi. Picha hii ilitoka Mei 1977, miezi miwili tu tangu serikali ya India iondoe hali ya hatari iliyodumu tangu Juni 1975. Nchi ilikuwa imechoka. Yeye akachukua chupa moja akaitundika juu, ili mtu asiyejua kusoma aelewe kwa jicho tu kwamba hawa ni damu moja. Mhubiri angetumia saa nzima kusema hivyo, na watu wakasinzia.

Na msidhani aligundua yeye hadithi za ndugu kupotezana. Waqt ya Yash Chopra ilishatoka 1965, na Yaadon Ki Baaraat ikaja 1973. Kabla yao ilikuwepo Kismet ya 1943. Alichokifanya Desai ni kuiondolea aibu. Wenzake walikuwa wanaomba radhi kidogo kwa kila bahati nasibu, wanaitafutia maelezo. Yeye aliziweka sadfa nyingi kiasi kwamba zikaacha kuwa sadfa, zikawa ndiyo desturi ya dunia ile, kama mvua ilivyo desturi ya masika.

Mwaka huo huo wa 1977 alitoa picha nne: hii, Parvarish, Dharam Veer na Chacha Bhatija. Zote zilifanya vizuri. Alikuwa anapiga zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ile sehemu Anthony amelewa, amepigwa, anajitazama kwenye kioo na kuanza kumsemesha na kumbandika plasta mtu wa kwenye kioo, Amitabh aliiigiza Desai akiwa kwenye seti nyingine. Alimwachia afanye mazoezi, wasaidizi wakarekodi. Aliporudi akaikuta imekamilika, na leo ndiyo inayokumbukwa kuliko zote.

Nyimbo nazo, jamani. Laxmikant–Pyarelal muziki, Anand Bakshi mashairi. "My Name Is Anthony Gonsalves" lile jina si la kubuni, ni la mpiga fidla wa Goa aliyemfundisha Pyarelal; mwanafunzi aliomba jina la mwalimu wake litumike. Na kwenye "Humko Tumse Ho Gaya Hai Pyaar" wanasikika Kishore Kumar, Mohammed Rafi, Mukesh na Lata Mangeshkar wote wanne katika wimbo mmoja, mara pekee hilo kutokea. Mukesh alikuwa ameshafariki Agosti 1976. Watu walimsikia sinemani akiwa kaburini, tuseme hivyo, ingawa Wahindu huchomwa.

Bi Mkubwa wa Pongwe:

Mwanangu umenikumbusha mbali, mimi nilikuwa msichana. Lakini sema ukweli wote. Wanawake wa Desai walikuwa pambo. Parveen Babi mle ndani kazi yake nini? Shabana Azmi, mwigizaji mkubwa vile, amepewa sehemu ndogo kama kionjo cha mboga.

Mtoto wa Bandari:

Mama, sina cha kukubishia. Wasichana kwenye picha zake wanapendeza, wanaimba, wanatekwa na adui, wanaokolewa. Ni upungufu mkubwa na ameubeba mpaka mwisho.

Ila mtazame mama mzazi kwenye picha hizo. Amar Akbar Anthony, mama anapofuka. Coolie, mama, Waheeda Rehman, anapoteza kumbukumbu. Mard, mama anapoteza sauti. Kila mara mama ananyang'anywa kitu kimoja cha mwili siku familia inapovunjika, na anarudishiwa wanapopatana. Kwenye Amar Akbar Anthony miale miwili inatoka machoni kwa sanamu ya Sai Baba wa Shirdi, inaingia machoni kwa Nirupa Roy, anayecheza mama, naye anaona, huku Akbar anaimba. Mimi niliyesoma madrasa nilifundishwa tofauti kuhusu masanamu, na bado pale nalia. Nalia kwa sababu nikitazama namwona yule mjane wa 1941, amebaki na wadai mlangoni. Mwanawe alikuwa anamrudishia kitu kimoja kimoja.

Mkewe Jeevanprabha, ambaye jina lake limeandikwa kwa utunzi wa hadithi ya Amar Akbar Anthony, alifariki mwaka 1979.

Kijana wa Likoni:

Sasa Coolie, mkuu. Hapa Mombasa tulikuwa tunasema Amitabh kafa kweli, hadi watu walimsomea dua.

Mtoto wa Bandari:

Subiri kidogo nimalize uzee wake, kisha Coolie.

Mwaka 1985 Mard iliwatoa watu majumbani: baba anamchora mtoto mchanga kifuani kwa kisu neno "Mard", yaani mwanamume, na mtoto anacheka. Baada ya hapo upepo ukageuka. Mikanda ya video ilikuwa imeingia, watu wenye nafasi wanatazama nyumbani. Ganga Jamunaa Saraswati ya 1988, ambayo Amitabh anapambana hadi na mamba, haikuwaka. Ndiyo ya mwisho aliyoiongoza. Akamwachia kijiti mwanawe Ketan. Mgongo ukawa unamsumbua sana. Mwaka 1992 alichumbiana na Nanda, mwigizaji wa zamani, na tarehe 1 Machi 1994 akaanguka kutoka roshani ya nyumba yake, pale pale Girgaum, akafariki. Miaka 57. Picha ishirini kwa miaka 29, na nyingi zilipata.

Sasa Coolie.

Amitabh ni Iqbal, kuli wa stesheni ya reli, beji yake mkononi namba 786, namba ambayo Waislamu wa Bara Hindi huiandika badala ya Bismillahi, na hata kwetu pwani wazee wanaijua. Tarehe 26 Julai 1982 walikuwa Bangalore wanapiga pambano. Mwigizaji mwenzake, Puneet Issar, anarusha ngumi, Amitabh anatakiwa aangukie meza. Alitaka kufanya mwenyewe, hakutaka mtu wa kumuigizia. Hesabu ya kuruka ikakosewa, kona ya meza ikamwingia tumboni. Hakukuwa na damu, watu wakadhani ni maumivu ya kawaida. Kumbe utumbo umepasuka. Alipasuliwa, akasafirishwa hadi hospitali ya Breach Candy, Bombay, na tarehe 2 Agosti madaktari walifika mahali wakaona amekwenda, kisha akarudi. Siku hiyo mpaka leo anaihesabu kama kuzaliwa kwake mara ya pili.

Na sasa, mzee Daktari, sikiliza hili. Amitabh amesema hadharani kwamba alitiwa takriban chupa 60 za damu, kutoka kwa watu kama 200. Watu asiowajua. Miaka mitano baada ya ile picha yenye chupa moja na vijana watatu. Katika damu hiyo mmoja alikuwa na homa ya ini aina ya B. Iligunduliwa mwaka 2000, na imemla robo tatu ya ini. Kwa hiyo nakubaliana nawe, damu si mchezo. Lakini kile tulichokicheka kwenye kioo, India ilikitenda: watu walipanga foleni nje ya hospitali, misikitini, makanisani na mahekaluni dua zikasomwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwenye maandishi ya mwanzo, Iqbal alikuwa afe. Adui, ambaye ni Kader Khan mwenyewe, anampiga risasi, picha inaisha. Amitabh aliporudi kazini Januari 1983, Desai akabadilisha. Hakuona namna ya kumuua kwenye kioo mtu ambaye nchi nzima ilimuombea asife. Iqbal anapanda kwenye ziara ya Haji Ali, yaani kaburi la walii pale Bombay, shuka la kaburi linamwangukia kifuani, risasi zinaingia na bado anamfuata adui. Kisha makuli wa dini zote wanamwombea, naye anapona. Sisi tuna msemo wetu wa "stelingi hafi". Hapa ulikuwa uamuzi wa mtu mzima aliyekaa na karatasi mbili mezani, akachagua moja.

Na kwenye lile pambano, picha inasimama. Usoni kabisa inaganda, yanatokea maandishi kwamba hapa ndipo Amitabh Bachchan alipoumia.

Tuliitazama Tanga, chumba cha jirani, watu wameketi mpaka uani. Picha ilipoganda watu wakapiga kelele, deki imekwama, deki imekwama, mwenye deki akainuka kwenda kuipiga kofi. Mwalimu mmoja aliyekuwa mlangoni akasema acha, soma hapo, akatusomea kwa Kiswahili. Kelele zikakatika. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Miaka kadhaa kabla aliwahi kuangukiwa na robota la katani wakati wa kupakia meli, akalala nyumbani wiki sita. Nilimwona anapeleka mkono ubavuni, pale pale palipovunjika, akaushikilia mpaka picha ikaanza kutembea tena.

Bi Mkubwa wa Pongwe:

Mungu amrehemu baba yako. Nimeipata Coolie kwa mjukuu, kwenye simu. Jumamosi naitazama.

Mtoto wa Bandari:

Amina, mama. Itazame kwenye televisheni kama ipo, simu ni ndogo. Ikiganda usiiguse.